Mtaa Upi wa Dar es Salaam Unafaa Kukaa?

Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima

Maneno unayosoma hapa ni yaleyale yaliyosemwa redioni. Kama ulisikiliza pamoja na kikundi chako, yasome sasa polepole, ukifuata mistari kwa kidole ukipenda. Kama hukusikiliza, si neno. Soma tu, yote yamo. Weka penseli na karatasi karibu, maana katikati ya somo tutafanya hesabu.

Leo twazungumza juu ya ubishi ambao watu wa mjini hawachoki nao: mtaa upi ni mzuri kuliko yote. Ubishi huo niliusikia Jumapili moja huko Temeke, nilipokuwa kwa kinyozi nikingoja zamu yangu. Mzee mmoja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, naye akasema kwa sauti kubwa ya kuwa Dar es Salaam ni Kariakoo, na pengine pote ni shamba. Mama mmoja aliyemleta mjukuu wake kunyolewa akajibu, "Mzee wangu, hiyo Kariakoo yako huwezi hata kuanika nguo. Njoo Mbagala, tuna uwanja." Kijana mmoja akasema yeye anakaa Kigamboni, tena anapata upepo wa bahari bure. Mzee akamwuliza, "Mwanangu, na ukiugua usiku?" Watu wakacheka, lakini kijana hakucheka. Nami nikaona ya kuwa swali lile si la mzaha.

Basi tulichukue swali hilo nasi. Lakini kwanza yafaa kujua mitaa hii ilitoka wapi, maana haikuota kama uyoga.

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu yao, wakayahamisha kutoka Bagamoyo. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakauteka. Watawala hawa wote wawili waliugawa mji kwa amri za ujenzi. Upande wa bahari zilitakiwa nyumba za Kizungu, imara na zenye nafasi kubwa. Katikati zilijengwa nyumba za mawe na maduka, na wengi waliokaa huko walikuwa Wahindi. Nyuma yake ndipo iliporuhusiwa nyumba ya udongo na makuti, na huko walikaa Waafrika. Kwa hiyo watu wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baina ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja mtupu, usijengwe kitu. Uwanja huo upo mpaka leo, nao ni Mnazi Mmoja. Ukipita hapo umeketi kwenye daladala, kumbuka ya kuwa uliwekwa kuwatenga watu.

Amri zile zimekwisha zamani. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mtu aweza kukaa atakapo, mradi ana kodi. Lakini mabomba, barabara za lami na mifereji havikuhama kwa sababu amri imefutwa. Palipokuwa na mabomba palibaki na mabomba. Ndiyo sababu hata leo kuna mitaa ya pwani kama Oysterbay yenye miti na barabara pana, na kuna mitaa ambapo gari la zimamoto haliwezi kuingia. Watu wa mji nao wameongezeka mno. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 walikuwa zaidi ya 270,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Gawanya uone: ni karibu mara ishirini. Watu hawa wote walihitaji mahali pa kulala, na wengi walijitafutia wenyewe, kabla ya mpima ardhi kufika.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Kariakoo. Jina lenyewe lina habari. Waingereza waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, watu waliobebeshwa mizigo ya vita. Jeshi la wapagazi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na masikio ya Waswahili yakasikia Kariakoo. Huko Nairobi pia wanalo jina hilohilo, kwa sababu ileile. Baadaye mtaa ukajaa nyumba za Kiswahili.

Nyumba ya Kiswahili unaijua, huenda umezaliwa ndani yake. Mbele kuna baraza. Ukiingia kuna ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Nyuma kuna ua, na uani kuna jiko, choo na mahali pa kuogea. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Nyumba ya namna hii imewafaa sana wageni wa mji. Mtu alifika kutoka bara na mkeka wake, akapata chumba kimoja, akapata na majirani watano kwa siku moja. Mtoto akiugua, yuko wa kumwangalia. Chumvi ikikwisha, yuko wa kumwomba. Lakini pia yuko wa kujua ulikula nini jana, na foleni ya choo alfajiri ni mtihani kila siku. Wako wanaoipenda nyumba hii na wako wanaoikimbia. Mimi nimekaa humo miaka mingi, na sijaamua bado niko upande gani.

Leo Kariakoo nyumba hizo zimebaki chache. Mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka. Soko kuu, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua moto Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa moja lilianguka na kuua watu. Kwa hiyo nikiulizwa, nasema Kariakoo ni mahali pazuri sana pa kazi. Pa kulea watoto, hapana. Mzee yule atanisamehe.

Tushuke sasa bondeni, maana hapa ndipo ubishi unapokuwa mzito. Chini ya Kariakoo, kabla ya kufika Magomeni, kuna bonde la Msimbazi na mtaa wa Jangwani. Jina ni jangwa, lakini mvua ikinyesha sana huwa ziwa. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, watu wakakwea juu ya mapaa. Wengine walikufa. Serikali ikawahamisha wengi wa waliosalia, ikawapa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji, penye nchi kavu.

Hapa nataka usome polepole. Baada ya muda, baadhi ya watu wale waliuza viwanja vyao, wakarudi mjini. Wengine walirudi bondeni kabisa. Watu wengi waliwacheka: "Hawa wana kichwa kigumu, wamepewa nchi kavu wamerudi majini." Wewe usicheke upesi. Fikiri juu ya mwanamke anayeuza maandazi Kariakoo. Akikaa bondeni, hutoka saa kumi na moja alfajiri, hutembea kwa miguu, na kabla jua halijapanda amekwisha uza. Akikaa Mabwepande lazima apande basi, kisha basi jingine, na beseni lake kichwani. Faida ya maandazi yote inaishia kwa kondakta. Mvua kubwa yaweza kuja mara moja kwa mwaka, pengine isije. Nauli huja kila siku. Mwanamke huyu si mjinga. Amefanya hesabu, ila katika hesabu yake ameweka na maisha ya watoto wake kama dau.

Ndiyo maana nasema ya kuwa nyumba na kazi ni jambo moja, wala huwezi kumhamisha mtu nusu. Katika miaka ya karibuni Serikali imelipa fidia watu wa bonde la Msimbazi ili waondoke, na bonde lenyewe limewekewa mpango wa kutengenezwa. Hiyo ni kazi njema. Lakini ikiwa wewe unatafuta chumba leo, na dalali akakuonyesha chumba cha bei nafuu kupita kawaida karibu na mto, angalia ukuta. Maji yakifika huacha mstari. Ukiuona mstari wa rangi ya matope umefika kiunoni, hata kama umepakwa chokaa juu yake, umekwisha soma barua ya mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nyumba iliyomo ndani ya mita hizo haina wa kuitetea.

Haya, chukua penseli. Tutafanya hesabu ya Magomeni na Mbagala. Bei nitakazotaja nimezitunga kwa ajili ya somo tu. Wewe utaweka bei za kweli za mtaa wako.

Magomeni ni mtaa wa zamani, karibu na mji. Mwalimu Julius Nyerere alikaa huko kabla ya Uhuru, na nyumba yake imehifadhiwa. Hapo pia zilikuwapo nyumba za kota ambazo zilivunjwa, na mwaka 2022 yakafunguliwa maghorofa mapya kwa kaya 644 zilizokuwa zikikaa pale. Mbagala iko kusini, mbali zaidi, katika barabara ya Kilwa. Ina watu wengi sana na soko lake kubwa pale Rangi Tatu.

Tuseme fundi cherehani anafanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi. Chumba cha Magomeni ni shilingi 80,000 kwa mwezi, naye aweza kwenda kazini kwa miguu. Chumba cha Mbagala ni shilingi 40,000, lakini nauli ni shilingi 700 kwenda na 700 kurudi. Zidisha 1,400 kwa 26. Umepata ngapi? Ni 36,400. Jumlisha na kodi 40,000. Jibu ni 76,400. Kumbe ile nusu bei ya Mbagala imeliwa na nauli, imebaki tofauti ya shilingi 3,600 tu.

Hatujamaliza. Tuseme safari ya Mbagala na msongamano wa magari ni saa moja na nusu kwenda, na saa moja na nusu kurudi. Hizo ni saa tatu kwa siku. Kutembea kutoka Magomeni ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, yaani saa moja. Kwa hiyo fundi wa Mbagala anapoteza saa mbili zaidi kila siku. Mara 26 ni saa 52 kwa mwezi. Katika saa 52 fundi hushona nguo nyingi! Au hulala, au huwatazama watoto wake wakifanya hesabu za shule. Saa hizo hazimo katika risiti ya kodi, lakini amezilipa.

Sasa mwingize mke wake. Kama mke naye anafanya kazi Kariakoo, nauli za Mbagala ni mara mbili, yaani 72,800. Jumlisha kodi upate 112,800. Magomeni ni rahisi kwa mbali. Lakini kama mke anauza samaki soko la Rangi Tatu, mambo yanageuka. Wakikaa Mbagala watalipa 76,400 kama tulivyoona. Wakikaa Magomeni ni mke atakayepanda basi, nao watalipa 80,000 na 36,400, jumla 116,400. Mitaa ni ileile, bei ni zilezile, jibu limekuwa jingine. Wale waliokuwa kwa kinyozi walibishana saa nzima wala hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Unafanya kazi wapi? Na mwenzio je?"

Mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, yenye njia yake peke yake. Ndipo watu wengi wakaona Kimara si mbali tena. Jambo hilo lafaa kukumbukwa: mtaa husogea karibu na mji au mbali nao bila kuondoka mahali pake. Kigamboni kadhalika. Zamani mtu wa Kigamboni alitegemea kivuko, au kuzunguka njia ndefu ya Kongowe. Kivuko kikiharibika, ukalala upande usio wako. Aprili 2016 lilifunguliwa daraja kutoka Kurasini, lenye urefu wa mita 680, na bei za viwanja zikapanda. Yule kijana wa upepo wa bure alihamia baada ya daraja. Lakini kwake kutoka darajani ni mwendo mrefu, na bodaboda usiku hudai mara mbili. Kwa hiyo swali la mzee, "Na ukiugua usiku?", halikujibiwa na daraja peke yake.

Juu ya maji nitasema machache, ingawa wake zetu na binti zetu wangesema mengi. Maji mengi ya mji huu hutoka mto Ruvu. Mto ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2022, hutolewa kwa zamu, na mitaa ya mwisho wa bomba ndiyo inayongoja zaidi. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, povu la sabuni halitoki. Kwa hiyo usimwulize dalali kama kuna maji. Dalali daima atasema yapo. Muulize mtoto anayechota, "Maji hutoka siku gani?" Mtoto hapati kitu kwa kukudanganya. Na kama waweza, nenda kukitazama chumba mara mbili, mchana siku ya jua, na jioni siku ya mvua.

Oysterbay na Masaki nimezipita haraka kwa sababu sijui hata mmoja wenu anayetafuta chumba huko. Lakini wengi wenu mnafanya kazi huko, ulinzi, upishi, bustani. Yule mpishi anayelala chumba cha uani anakaa mtaa wa kwanza kwa uzuri katika mji huu, na hana pa kumlaza mgeni wake. Muulize kama ana mtaa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wale wanaotaka kununua kiwanja. Hapa kusoma kutakulipa ada yako yote ya darasani, kama ungekuwa unalipa ada. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kandokando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wengi walikuwa wamenunua kwa fedha halali, wakaandikiana karatasi, mashahidi wakaweka dole gumba. Karatasi ilisema fulani amemwuzia fulani. Haikusema kama ardhi yenyewe yaruhusiwa kujengwa. Basi kabla ya kutoa fedha, nenda ofisi ya Serikali ya Mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya manispaa, uulize kiwanja kimepimwa au hakikupimwa, kina namba gani, na ramani inakitaja kuwa cha nini. Soma kila mstari wewe mwenyewe. Neno usilolijua, usione haya, uliza. Na ukiona alama ya X kwenye ukuta wa jirani, usingoje kuelezwa.

Vivyo hivyo kwa mpangaji. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mara moja, na dalali akataka ya mwezi mmoja kwa kazi yake, hizo ni kodi za miezi saba kabla hujalala usiku mmoja. Andika mkataba, japo nusu karatasi: jina lako, jina lake, chumba kipi, kodi kiasi gani, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani, nani hulipa umeme na maji. Weka sahihi yako. Unaweza sasa.

Kazi ya kikundi kwa juma hili ni hii. Kila mmoja aandike majina ya mitaa mitatu: anaokaa sasa, aliotoka, na anaoutamani. Chini ya kila jina aandike kodi, nauli ya kila mtu wa nyumbani kwa mwezi, saa za safari, na siku ambazo maji hutoka. Fanya jumla. Kisha someaneni kwa sauti. Kama mume na mke wako darasa moja, kila mmoja aandike karatasi yake bila kutazama ya mwenzake, halafu mlinganishe. Juma lijalo leteni karatasi hizo, tutazitumia katika somo la kuandika mkataba wa chumba.